Moshi wa Nyuzi Ishirini na Sita

Mnara wa Pili
12 Juni

Shikamoo Mzee Kipanga,

Usishtuke kupata barua. Ni mimi, yule mgeni wa Mnara wa Pili, sauti unayoisikia redioni ikitetemeka kila inapotaja namba. Redio ni ya moto tu, Mkuu wa Kituo alinionya siku ya kwanza, na simu huku haishiki hata ukipanda juu ya paa (nimepanda). Dereva wa gari la maji ndiye aliyeniambia kwamba akitoka kwangu anapita kwako, na kwamba barua haina uzito wa kumchosha.

Nina swali. Moshi ukitokea msituni naelekeza darubini, nasoma nyuzi kwenye ile sahani ya chuma, natamka. Wewe nawe unatamka zako. Mara kituoni wanajua moto uko kilomita ngapi na gari lipite wapi. Wanajuaje? Nilipomwuliza Mkuu alisema, "Wewe taja namba, mengine tuachie." Basi nataja namba kama kasuku. Hesabu na mimi tulipeana talaka tangu sekondari, lakini huku juu sina wa kuzungumza naye, na mbao za dari nimeshazijua zote kwa sura.

Nilikuja huku baada ya kumzika mama. Nilimwuguza muda mrefu, na alipoondoka nyumba ilibaki na sauti ya friji tu. Nikaona tangazo la kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Nilidhani upweke wa kulipwa mshahara utakuwa nafuu kuliko ule wa bure. Mpaka sasa sijauona unafuu.

Nisamehe kwa maneno mengi.

Mgeni


Mnara wa Kwanza
19 Juni

Marahaba mwanangu, karibu juu.

Nimekaa kwenye mnara huu tangu miti mingi iliyo chini yangu ikiwa miche, na wewe ni mtu wa kwanza wa Mnara wa Pili kuniuliza jambo. Aliyekutangulia kazi yake ilikuwa kulala. Nilikuwa namsikia redioni akipiga miayo.

Sikiliza. Kati ya mnara wako na wangu ni kilomita kumi, walipima watu wa ramani. Huo ni upande mmoja wa pembetatu. Kona mbili ni mimi na wewe, kona ya tatu ni moshi. Kila asubuhi unaelekeza darubini kwenye mnara wangu na kuiweka sahani kwenye sifuri, sivyo? Nami nafanya hivyo hivyo kwako. Kwa hiyo nyuzi unazosoma ni pembe iliyopo kati yangu na moshi.

Shuleni walikufundisha pembetatu yenye pembe mraba, iliyosimama wima kama ukuta wa fundi mwenye akili timamu. Moto haujui kusimama wima. Kwa pembetatu zilizolala ovyo tuna kanuni ya sini: chukua upande wowote, ugawe kwa sini ya pembe inayoutazama, na jibu litakuwa lile lile kwa pande zote tatu. Tuseme wewe umesoma hamsini, mimi sitini. Pembe ya tatu, huko kwenye moshi, ni sabini, maana zote tatu hufanya mia na themanini. Kumi gawa kwa sini ya sabini, zidisha kwa sini ya hamsini. Moshi uko kilomita nane na kidogo kutoka kwangu. Umemaliza, kunywa chai.

Ukijua pande mbili na pembe iliyobanwa katikati yake, tumia kanuni ya kosini, nimekuchorea nyuma ya karatasi. Ukijua pande mbili na pembe isiyobanwa katikati, hapo jihadhari. Hiyo ina ndimi mbili. Inaweza kukupa pembetatu mbili, zote halali kwenye karatasi, na ya kweli ni moja tu. Lakini sisi hatuihitaji hiyo. Sisi tuna macho.

Andika kwa herufi kubwa zaidi. Taa yangu mbovu.

Kipanga
(Jina hili walinipa watu wa kituo kwa sababu ya macho. Si kwa kuiba vifaranga.)


Mnara wa Pili
3 Julai

Shikamoo Mzee,

Herufi hizi zinatosha au niandike kwa fagio?

Nimefanya mazoezi mpaka kikokotoo kimepata joto. Mara ya kwanza kiliniambia moshi uko nyuma yangu, kilomita tatu ndani ya mlima. Nikajiona mjinga, kumbe kilikuwa kimewekwa kwenye kipimo kingine badala ya nyuzi. Nilicheka peke yangu kwa sauti, halafu nikanyamaza, maana kucheka peke yako mnarani kunatisha.

Nimepiga hesabu ya kila moshi tulioutaja tangu nifike. Kila mmoja unaangukia kwenye barabara ya duara, ile iliyouzunguka mnara wako kama pete, kilomita sita kila upande. Nadhani ni kwa sababu wakata miti hupiga kambi humo barabarani. Nimepatia?

Jumapili asubuhi nitapunga shuka kutoka kibarazani. Uniambie kama umeniona. Nataka kujua kuna mtu anayeniona.

Mgeni


Mnara wa Kwanza
10 Julai

Mwanangu,

Umepatia. Moto unafuata watu, na watu wanafuata barabara. Una kichwa kizuri, waliokufelisha hesabu warudishe mishahara.

Nilikuona Jumapili. Ulipunga kama mtu anayefukuza nyuki.

Umenieleza habari za mama yako, nami nikueleze zangu, ingawa si mtu wa kueleza. Mke wangu alipofariki nilirudisha funguo za nyumba tuliyopanga, nikapanda huku na godoro. Mtoto wetu mmoja yuko ng'ambo, ana maisha yake, simlaumu. Chini sina mtu. Wenzangu husema, "Kipanga, ukistaafu utapumzika." Nitapumzikia wapi? Nikishushwa leo, sijui mguu wangu wa pili nitauweka wapi baada ya ule wa kwanza. Kwa hiyo sishuki.

Kula vizuri. Sauti yako wiki hii ilikuwa nyembamba.

Kipanga


Mnara wa Pili
24 Julai

Mzee wangu,

Ulikuwepo redioni, unajua, lakini naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Moshi ulitokea nyuma ya kilima. Nilisoma thelathini. Nilirudia kusoma, thelathini. Ukasema kama kawaida yako, "Mgeni, anza." Nikaanza. Ukakaa kidogo, ukasema ishirini na sita. Wakapiga hesabu, wakapeleka gari la zimamoto kilomita tano kutoka kwangu, pale barabara ya duara inapopita upande wangu. Wakawakuta wakata miti wanakula. Hakuna hata cheche.

Moto ulikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Walipofika huko, nyumba nne za wafanyakazi zilikuwa zimeshateketea na mama mmoja amekimbizwa hospitali.

Mkuu alinipigia redioni huku kila mtu akisikiliza. Alisema, "Kipanga hajakosea tangu nimemjua, kwa hiyo tunajua nani amekosea." Mwisho wa Agosti ananiondoa. Mzee, mimi kutoka hapa najua upande tu, umbali siujui. Ningejuaje kama ule moshi ulikuwa wa karibu au wa mbali? Ndiyo maana tuko wawili! Kama nilisoma vibaya niambie nilikosea wapi. Chakula hakipiti. Namfikiria huyo mama.

Mgeni


Mnara wa Kwanza
31 Julai

Mwanangu,

Usilie. Kila mgeni hukosea, hata sahani ya chuma huteleza. Nitaongea na Mkuu akupeleke stoo ya kituo, kuna kivuli na kuna watu. Kazi ya mnara si ya kila mtu.

Kula.

Kipanga


Mnara wa Pili
7 Agosti

Shikamoo Mzee,

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kukuomba radhi, nikaichana pia, maana nilikuwa sijui naomba radhi ya nini.

Nimekaa na ramani. Kiwanda cha mbao kiko kwenye mstari wangu, ule ule wa nyuzi thelathini, ila kiko kilomita kumi na mbili badala ya tano. Kama pembe yangu ingekuwa mbaya, moto usingekuwa juu ya mstari wangu. Kwa hiyo mbaya ilikuwa yako. Ilitakiwa iwe tisini na nne, wewe ukasema ishirini na sita. Mtu anaweza kukosea nyuzi mbili, akiwa na usingizi hata tano. Lakini karibu sabini? Huko ni kutazama upande mwingine kabisa.

Nikajiuliza, hiyo ishirini na sita aliitoa wapi? Nikachukua pande mbili ambazo unazijua hata ukifumba macho: kumi, kutoka kwangu mpaka kwako, na sita, kutoka kwako mpaka barabara yako ya duara. Nikachukua thelathini yangu, ambayo kila mara unasubiri niitaje kwanza. Nilikuwa nadhani unaniheshimu. Kumi mara sini ya thelathini, gawa kwa sita. Kikokotoo kinasema pembe ya kwenye moshi ni hamsini na sita. Lakini sini hiyo hiyo ni ya mia na ishirini na nne pia. Pembe kali na pembe butu, sini moja! Ukichukua ile kali, kwako inabaki tisini na nne na moto uko kiwandani. Ukichukua ile butu, kwako inabaki ishirini na sita.

Mstari wangu unaikata pete yako mara mbili, Mzee. Wewe ulichagua mkato wa karibu yangu kwa sababu ulisikia kwa Dereva kwamba wakata miti wako pale wiki ile. Ule moshi hukuusoma. Uliupigia hesabu.

Na ile Jumapili sikupunga chochote. Nilikuwa na homa, nilishinda kitandani. Uliposema umeniona nilifikiri unanitania, nikaona nikunyamazie nisikuharibie utani.

Mama yangu naye alipata mtoto wa jicho. Alianza hivyo hivyo, kalamu anaiona, mlango hauoni. Walimpasua, akaona. Nenda ukatibiwe, nakuomba kama ninayemwomba baba. Lakini kabla ya hapo nakuambia hili: moshi ujao usitaje namba ambayo hujaiona. Ukitaja, nitasema redioni. Nitalia nikisema, lakini nitasema. Kule kiwandani kuna watoto.

Mgeni


Mnara wa Kwanza
14 Agosti

Wewe ni nani?

Nimekufundisha kushika kalamu, sasa unanichoma nayo. Miezi miwili umekaa juu, unanieleza mimi habari za msitu! Msitu huu nauona hata nikiwa nimelala. Kila kambi, kila korongo. Mioto mingapi nimeipata kwa hesabu hiyo, na magari yakafika mapema, na hakuna aliyelalamika? Mara nyingi mkato wa pili unaangukia barabara inapopita kwenye mwamba au juu ya maji, hata mtoto angejua kuchagua. Nimekosa mmoja. Mmoja!

Ndiyo, mbele yangu ni maziwa. Mkono wangu nauona, karatasi naiona, ukingo wa kibaraza nauona nikiinama. Baada ya hapo ni maziwa matupu. Haya, umefurahi?

Nilikuambia chini sina mtu. Nilikuambia wewe peke yako. Unataka nikakae kwenye baraza za watu nikisubiri sahani ya chakula? Wakishanishusha, hata nikipona hawanirudishi, kazi watampa mwingine kabla sijafika getini. Naogopa, mwanangu, na sijawahi kumwandikia mtu neno hilo.

Fanya unavyotaka. Usiniandikie tena.

Mnara wa Kwanza


Mnara wa Pili
28 Agosti

Mzee wangu,

Umenikataza, nami naandika. Dereva amesema amekuacha hospitali ya mjini, naye amekubali kuifikisha.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa upande wangu. Jumanne ulitokea moshi mwingine. Nilisoma ishirini na tano. Safari hii hukusema "Mgeni, anza." Nikaanza mwenyewe. Mkuu akasema, "Kipanga, pembe yako." Akarudia. Nilikuwa nimekibonyeza kitufe cha redio nusu, kidole kinauma, nikisema moyoni, usitaje, usitaje, usinilazimishe. Ndipo nikakusikia: "Sioni."

Mkuu akauliza kama kuna ukungu upande wako. Ukasema, "Hakuna ukungu. Mimi ndiye sioni. Na ule wa kiwandani sikuuona. Mgeni alisoma sawa."

Na moto ulikuwa unaendelea kula. Nikabonyeza. Nikamwambia Mkuu mstari wangu unaikata barabara ya duara mara mbili, kilomita tano kasoro na kilomita kumi na tatu na kidogo, apeleke gari moja kila mahali. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia hakika sina, nina pembetatu mbili. Wakaukuta kwenye ule mkato wa mbali, bado mdogo, wakauzima kwa sepetu.

Habari ya kuniondoa imekwisha. Mkuu alipanda mwenyewe mpaka huku. Hakuniomba radhi, ameniletea betri mpya za redio.

Nilikuona ukishuka. Nilielekeza darubini kwenye mnara wako nikaona doa moja likitoka kibarazani na kwenda chini polepole, likisimama, likienda tena. Ndiyo mara ya kwanza nakuona. Nililia mpaka kioo kikaingia ukungu. Nilitaka upone, lakini sikutaka uondoke. Sijui kwa nini nilidhani vyote viwili vinawezekana.

Mgeni


Mnara wa Pili
18 Septemba

Shikamoo Mzee,

Hujajibu. Dereva anasema alikupa barua mkononi.

Mnara wa Kwanza umepata mtu mpya. Anataja nyuzi zake haraka na sawasawa, pembetatu zinafunga vizuri. Nilimwandikia kumkaribisha. Alimwambia Dereva ampelekee salamu yule dada, asante, yeye si mtu wa barua. Basi.

Mvua zimeanza, hakuna moshi, redio inakoroma siku nzima. Unataka kujua kama najuta? Sijuti. Unataka kujua kama nimekukumbuka? Nimekukumbuka sana, Mzee, wakati mwingine nasema "Mgeni, anza" kwa sauti yako kabla ya kuwasha jiko.

Nitukane basi, lakini andika.

Mgeni


Hospitali
9 Oktoba

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nimefungwa macho. Na kabla ya kufungwa macho nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nikizipapasa barua zako mfukoni na kusema, huyu binti ndiye aliyenileta kwenye harufu hii ya dawa. Nilikuchukia, nisikufiche.

Wodi yetu na ya kina mama zinatenganishwa na kibaraza chenye benchi. Nikiwa na bandeji nilikuwa nikikaa hapo, na mama mmoja alikuwa akija kukaa nami. Ndiye aliyenipeleka bombani kila asubuhi. Aliniita babu. Alikuwa akinishika kwa kiwiko chake, hakunishika kwa kiganja hata mara moja, nikadhani ni adabu za kwao. Alinisimulia kila kilichopita mbele yetu: daktari aliyevaa soksi zisizofanana, muuguzi anayejipaka poda kwenye kioo cha dirisha la famasia. Nilicheka, mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu mke wangu afariki, asubuhi nilikuwa namngoja mtu.

Walipoifungua bandeji niliona uso wa muuguzi, nikaona rangi iliyobanduka ukutani, kila ufa. Nikatoka mbio kwenda kwenye benchi kumwonyesha mwenzangu kwamba naona. Amekaa pale, mdogo kuliko nilivyodhani. Mikono yake ameiweka mapajani. Ngozi imevutika na kung'aa, vidole viwili vimegandana.

Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Moto wa kiwandani, babu. Mwanangu alikuwa ndani, nikalishika komeo la mlango, lilikuwa limeshawaka. Yeye mzima, yuko kwa dada. Zimamoto walichelewa. Wanasema kuna mzee huko juu aliwapoteza njia."

Ningeweza kunyamaza. Nilishanyamaza kwako mwezi mzima nikiona unalaumiwa, na nilijua jinsi ya kunyamaza. Nikamwambia mzee huyo ni mimi.

Alinitazama. Nilikiona kila kitu kilichopita usoni mwake, hakuna maziwa tena, hakuna pa kujificha. Hakunitukana. Alisimama akaingia wodini kwake. Kesho yake nilikaa kwenye benchi mpaka jua likanifukuza, hakuja. Jana ameruhusiwa. Nilimwona akivuka uwanja na bahasha ya dawa ameibana kwapani, nikamfuata kwa macho mpaka getini. Hakugeuka.

Ulifanya sawa, mwanangu. Nilitakiwa kukuambia mapema, tangu ulipoiandika ile barua, nikakuandikia matusi. Kama ningeshuka mwaka jana, yule mama angekuwa anapika kwa mikono yake.

Mnara siuombi tena. Nimepata chumba nyuma ya hospitali, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kwenye bahasha usiandike Kipanga, huku hakuna anayelijua jina hilo, andika mzee wa chumba cha nyuma. Daktari amenipima, anasema naona vizuri kuliko yeye. Asubuhi nafungua macho, naona ukuta, tofali moja moja, na sina mtu wa kumtazama. Uso wako siujui. Ukipata likizo, njoo nikuone.

Mzee wako